Zombi hutambulika kwa goti, si kwa damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nisahihishe maelezo mliyoyatoa kwenye ukurasa wa burudani kuhusu kugeuza vijisanamu vya michezo ya mezani, yaani vile viaskari vidogo vya plastiki au metali vinavyopangwa mezani kupigana, viwe mazombi. Kuugusia mchezo huu kwa Kiswahili ni jambo jema, na kwa hilo nawashukuru. Ila msomaji aliyeambiwa apitishe mguu wa kijisanamu juu ya kiberiti cha gesi mpaka upinde, abandike kwa gundi yoyote, apake kijani mwili mzima kisha amalizie kwa kumwaga nyekundu, hatapata zombi. Atapata askari mwenye afya njema aliyeungua mguu na kupakwa kijani.

Kosa la msingi ni kuanza na rangi. Mezani, kijisanamu hutazamwa kutoka umbali wa mkono mmoja au zaidi, na kwa umbali huo jicho halioni jeraha wala jino, linaona umbo. Mchongaji wa askari amejitahidi kulitia umbo hilo uhai: kifua mbele, kidevu juu, miguu imepanuliwa na uzito umegawanyika sawasawa, mikono yote miwili imekaza silaha. Ukiuacha mkao huo ulivyo, hata umwage ndoo ya damu, mchezaji wa upande wa pili atauliza askari hawa wametoka kupigana na nani. Ukiuvunja, zombi ataonekana kabla hajapakwa chochote, akiwa bado plastiki ya kijivu. Kazi kubwa basi ni ya kisu na keekee. Brashi huja kumalizia.

Neno moja kuhusu jina, kisha niendelee. Mliwaita mashetani. Shetani hana maiti. Aliye karibu zaidi ni msukule, au ndondocha kama wasemavyo wengine: mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe yupo, anatumikishwa na aliyemchukua. Huyo ndiye hasa zombi wa Haiti, ambaye jina lake wengi hulirudisha Afrika ya Kati, kwenye maneno ya Kikongo kama nzambi. Lakini msukule hali watu. Kwa masimulizi ya kwetu hulishwa pumba. Zombi wa kutembea makundi kwa makundi akitafuna watu ametokana na filamu za Marekani tangu 1968, na ndiye anayeuzwa madukani kama kijisanamu. Ndiyo maana naandika zombi.

Sasa kazi. Kwanza ujue umeshika nini mkononi, kwa sababu kisu, gundi na joto vyote hutegemea hilo. Seti za plastiki za Games Workshop, Perry Miniatures, Warlord Games na Mantic, kampuni ambazo zote ziko huku Nottingham, nyingi ni za polistireni ngumu: vipande huja vikiwa vimeshikamana na fremu, na ukikikunja kimoja hugeuka cheupe kwenye mkunjo kisha hukatika. Vijisanamu vinavyokuja vimeshaungwa ndani ya boksi la mchezo wa bodi, kama vile vya Zombicide, ni PVC laini. Ukivikunja vinarudi vilivyokuwa. Rezini ni ngumu, huvunjika kama kigae, na unga wake ni mwepesi kama talki. Vya metali utavijua kwa uzito.

Polistireni huanza kulegea karibu na nyuzi 100 za Sentigredi, na mwali wa kiberiti cha gesi umepita nyuzi 1,000. Sehemu ya nje huyeyuka na kutokota wakati kiini bado kigumu, na hapo mguu haupindi, unadondoka. Moshi mweusi unaotoka una stireni, ambayo si kitu cha kuvuta ukiwa chumbani. Maji ya moto nayo hayaifanyi kitu cha maana plastiki hii. Yanafaa kwa PVC na rezini: chovya sekunde 20 hadi 30 katika maji yaliyokaribia kuchemka, pinda, shikilia, kisha tumbukiza kwenye maji ya barafu ukiwa hujaachia. Ukiachia mapema, PVC inarudi ilikotoka. Metali hupindwa ikiwa baridi, mara moja, polepole. Ukiirudisha na kuipinda tena itakatika. Na vile vya metali vya zamani, hasa vya kabla ya miaka ya 1990, vingi vina risasi ndani yake, kwa hiyo usivipige tupa kwenye meza ya kulia chakula, na unawe mikono ukimaliza. Polistireni yenyewe haipindwi. Hukatwa.

Kuna hesabu moja ambayo maelezo yenu yaliiruka, na ndiyo inayowaangusha wengi. Kijisanamu cha milimita 28 ni takriban 1 kwa 56 ya mtu. Milimita 1 ya plastiki, kwa hiyo, ni sentimita 5.6 za mtu. Tundu la keekee la milimita 1, ambalo kwetu ni kitone, kwake ni jeraha la kupitisha ndimu nzima. Utumbo mwembamba wa mtu una upana wa sentimita 2.5 hadi 3, yaani nusu milimita; anayeviringisha puti (udongo wa kuchongea) ya milimita 2 ametoa tumboni mwa marehemu gogo la mgomba. Mfupa wa mbavu ni milimita 0.2 hadi 0.3. Pindo la koti la plastiki, kwa sababu ya jinsi kalibu inavyofanya kazi, huwa na unene wa milimita 1 au zaidi, na hiyo si nguo tena, ni godoro. Jino ndilo pekee ambalo halifuati hesabu: la kweli lingekuwa chini ya milimita 0.2 na lisingeonekana, kwa hiyo tunalidanganya hadi 0.3.

Vifaa si vingi. Kisu chenye wembe namba 11, msumeno mwembamba wa kukatia plastiki, keekee ndogo ya kuzungushwa kwa vidole na ncha zake za milimita 0.5, 0.8 na 1, tupa ndogo, vibanio vya karatasi, na kipande cha waya wa umeme wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba ndani. Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya yote. Mafuta ya kalibuni hubaki juu yake, na ndiyo sababu mojawapo ya puti na rangi kubanduka baadaye. Kisha kwangua mistari ya kalibu kwa mgongo wa kisu. Zombi aliyeoza vizuri lakini ana mstari wa kalibu kutoka kisogoni hadi kisiginoni huonekana tu kwamba hakuandaliwa.

Anza na shingo. Katika seti nyingi kichwa kiko peke yake na kina kikonyo kinachoingia kwenye kishimo kati ya mabega. Usikibandike kilivyopangwa. Punguza kikonyo upande mmoja, kwa mshazari, kama milimita 1, ili kichwa kilale nyuzi 20 hadi 30, kisha kisogeze mbele hadi kidevu kishuke chini ya mstari wa mabega. Kulaza bila kusogeza mbele humfanya aonekane anaongea na simu. Bega la upande kichwa kilikolala lishuke pia: bandika mkono chini kidogo ya mahali pake, uzibe pengo la juu kwa puti.

Goti ndilo linalomaliza kazi. Vunja moja tu. Aliyevunjika yote mawili hawezi kusimama, na macho yanalijua hilo hata kama mtu hawezi kueleza kwa nini. Kata kabari yenye umbo la V upande wa nje wa goti, milimita 1 mdomoni, iingie mpaka ibaki plastiki ya kama robo milimita upande wa ndani. Tia gundi ya plastiki kwenye kabari, subiri dakika moja ilainike, kisha uifunge na kushikilia. Goti litaingia ndani na wayo utatoka nje, mkao ambao mguu mzima hauwezi kuufanya. Ukikosea ukakata upande wa ndani utapata matege, na matege si ugonjwa wa wafu. Ikiwa ile robo milimita itakatika, si hasara: toboa ncha zote mbili kwa milimita 0.5, pitisha uzi wa waya, bandika kwa supagluu.

Hapo utagundua kwamba mguu ule umekuwa mfupi na kijisanamu kimeegemea. Wengi hurudi kuurefusha. Uache. Mwache ainame upande wa mguu mbovu, na kichwa kilale upande wa pili, ili ukimtazama kwa mbele uti wake ufanye kama herufi S. Kichwa na mguu mbovu vikielekea upande mmoja ataonekana anaanguka, si anatembea. Halafu kata kifundo cha mguu huohuo, geuza wayo nyuzi 40 kwa ndani, kisigino juu, vidole vikigusa ardhi, kama unaburutwa.

Sasa uzito wote uko kwenye wayo wa mguu ule mwingine, na gundi peke yake haitoshi. Toboa wayo huo kwa milimita 1, kina cha milimita 3 hadi 4, ingiza waya wa kibanio cha karatasi, toboa na kitako, yaani kibao ambacho kijisanamu husimamia, upitishe. Keekee iende polepole. Ukiisukuma itatokea ubavuni mwa kisigino.

Mikono ina ugumu wake, kwa sababu ngumi iliyochongwa ikiwa imeshika mkuki haifunguki bila kuharibika. Njia fupi ni kuikata kwenye kifundo na kuweka kiganja kutoka fremu ya mazombi. Fremu za Mantic zina viganja vya kutosha na bei yake haitishi. Ila angalia uwiano: kampuni zinazochonga kwa mtindo wa kishujaa hutengeneza vichwa na viganja vikubwa, na Perry huchonga kwa vipimo vya mtu wa kweli. Kichwa cha kishujaa juu ya kiwiliwili cha Perry ni boga juu ya ufito. Njia ya bei nafuu zaidi ni kukata ngumi na kuacha kigutu. Hapo kumbuka kwamba mkono chini ya kiwiko una mifupa miwili, si mmoja: toboa matundu mawili, ingiza nyuzi mbili za shaba, moja iwe fupi kuliko nyingine. Mkono ambao utabaki na kiganja chake uchongwe pembe ndogo upande wa ndani wa kifundo, nusu milimita tu, kiganja kining'inie. Na kama unataka mazombi wa kawaida tu, wasio na sare ya jeshi fulani, usijitese: Games Workshop huuza seti ya Deadwalker Zombies yenye vijisanamu 20, tayari wameoza. Kugeuza kuna maana pale unapotaka wafu waliovaa kama jeshi ulilonalo, wa vita vya Napoleon kwa mfano, ambao hakuna kampuni itakayokutengenezea mkao unaoutaka.

Nguo hukondeshwa kabla ya kuchanwa. Kwangua upande wa ndani wa pindo mpaka ukingo ubaki na milimita 0.3, na si lazima ufike juu, milimita 2 za mwisho zinatosha kulidanganya jicho. Ndipo ukate vipembe visivyolingana: kimoja kirefu, viwili vifupi pamoja, kisha nafasi. Pindo lililokatwa vipembe sawasawa linafanana na ncha za msumeno. Pahali pa nguo inayoning'inia, chukua tabaka moja la karatasi laini ya tishu, lirarue badala ya kulikata, lilowanishe kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ulilaze. Likikauka linakuwa gumu na linapokea rangi. Matabaka mawili ni mengi mno.

Majeraha yatangulie puti. Toboa kwanza, kisha unganisha matundu kwa kisu upate ukingo usio wa duara, kwa kuwa tundu la duara kamili hutafsiriwa na jicho kuwa la risasi. Kwa mbavu, chimba mtaro ubavuni wenye urefu wa milimita 4 na kina cha milimita 1, uweke nyuzi tatu za shaba kwa mshazari. Tatu zinatosha, tano zinakuwa wavu wa jiko la mkaa. Taya la chini ni rahisi na lina faida kubwa, maana kichwa kisicho na taya hubadilisha umbo la kijisanamu hata kwa mbali: likate lote, toboa kwa milimita 0.8 pale koo lilipo, uache meno ya juu. Kwa ngozi iliyooza kuna mbinu mbili. Juu ya polistireni, paka gundi nyepesi ya plastiki, subiri sekunde 20 hivi, kisha chomachoma kwa brashi ngumu iliyozeeka. Uso wa plastiki umelainika na unapokea vidutuvidutu. Brashi hiyo haitarudi tena kuwa brashi. Juu ya metali, rezini au PVC, paka supagluu kidogo na unyunyize soda ya kuokea. Huganda papo hapo na kutoa moto, kwa hiyo iwe chembe, na vidole vikae mbali.

Puti ndiyo sehemu iliyopata mstari mmoja tu kwenye maelezo yenu. Inayotumiwa zaidi huitwa Green Stuff, epoksi ya sehemu mbili, bluu na njano, ambayo ikichanganywa sawa kwa sawa hugeuka kijani. Ikiwa imekuja kama utepe wa rangi mbili zilizogusana, kata na utupe ukanda wa milimita 1 katikati pale zinapokutana. Zimeshaanza kuganda hapo, na ndizo punje ngumu zinazoharibu kila kitu laini utakachojaribu kuchonga. Changanya dakika 3 hadi 5 mpaka usione mstari wa njano. Ukiongeza bluu inakuwa ngumu zaidi. Ukiongeza njano inakuwa laini na ya kunata. Iache ipumzike dakika 10 hadi 20, kwani ikiwa mbichi hunata kwenye kifaa kuliko kwenye kijisanamu. Una takriban saa moja na nusu ya kuichonga, na saa 24 za kusubiri ikauke kabisa.

Huo ni muda wa hapa Ulaya. Joto huharakisha epoksi, na kwa nyuzi zaidi ya 30 za Tanga au Mombasa muda wa kuchonga hupungua sana, kwa hiyo changanya kiasi cha punje ya choroko kwa mara moja, si cha kunde. Iliyobaki ukiifunga na kuiweka kwenye friza itapunguza mwendo. Vifaa viwe na unyevu daima, wa maji au mafuta ya mgando kidogo sana. Yakizidi, puti haitashika chini na utumbo utang'oka mzima siku ya pili. Sehemu laini ya plastiki ikwaruzwe kwanza, na tone dogo la supagluu chini ya puti si dhambi. Green Stuff ikikauka hubaki na unyumbufu kama mpira na haikubali msasa. Anayetaka kusugua achanganye nusu yake na Milliput, epoksi ya Wales inayoganda kwa saa 3 au 4, ambayo peke yake ni ngumu na husuguliwa vizuri lakini huvunjika ikiwa nyembamba. Ile puti ya epoksi ya mafundi bomba inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ina punje na huganda haraka. Inafaa kwa mawe na udongo wa kitako, haifai kwa utumbo. Epoksi zote zikiwa mbichi huweza kuleta mzio wa ngozi, ambao ukianza hauondoki, kwa hiyo glavu. Na vumbi lake, pamoja na la rezini, lisuguliwe likiwa limeloweshwa, na barakoa usoni.

Kuhusu gundi yoyote: hakuna gundi ya namna hiyo. Gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha polistireni ili vipande viungane kuwa kimoja, na kwa metali, rezini au PVC haishiki chochote. Supagluu hushika karibu vyote, lakini ni dhaifu kwa kugongwa, na huganda kwa unyevu wa hewa. Ndiyo sababu pwani chupa hugeuka jiwe kabla haijafika nusu. Ihifadhi kwenye kopo lililofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ndani ya friji, na ukiitoa usiifungue mpaka ifikie joto la chumba, la sivyo umande utaingia ndani. Ule ukungu mweupe unaobaki kuzunguka kiungo ni mvuke wake ulioganda. Tumia kidogo na uache hewa ipite. Usiifute kwa pamba. Supagluu na pamba huwaka moto kiasi cha kuunguza vidole.

Sasa rangi, na kijani. Kijani cha mwili mzima kimezoeleka kwa sababu ya michoro ya katuni; maiti ikianza kuoza hupata kijani kwanza tumboni, si mwili mzima kwa mara moja. Aliyekufa damu yake hutulia chini kwa uzito wake, na huko ngozi hupata zambarau. Kwa anayetembea, chini ni viganja, nyayo na miguu. Kanuni hiyo moja, zambarau iliyokolea mikononi na miguuni na kupungua kadiri unavyopanda, humpa zombi ukweli kuliko chupa nzima ya kijani. Kwa ngozi nyeupe, Rakarth Flesh (majina ya rangi ninayoyataja ni ya Games Workshop, nisiposema vingine) kama rangi ya chini na Druchii Violet iliyotiwa maji machoni na viganjani inatosha.

Ila mafunzo karibu yote yanayopatikana ni ya ngozi nyeupe, na msomaji wetu anayetaka zombi mweusi huishia kumpaka kijani cheusi, kama mamba. Mtu mweusi akifa ngozi kwanza hupauka. Hupoteza wekundu uliokuwa chini ya kahawia na kubaki na kijivu, kama ngozi isiyopakwa mafuta msimu wa kipupwe. Changanya sehemu 3 za kahawia nzito, Rhinox Hide kwa mfano, na sehemu 1 ya kijivu chenye bluu kama The Fang. Katika kuinua mwanga usiongeze nyeupe wala rangi ya chungwa kama ufanyavyo kwa aliye hai. Ongeza kijivu cha udongo mkavu, na ukipitishe kwa brashi kavu kwenye magoti, viwiko, vifundo na paji la uso tu, pale ngozi inapopauka kwanza. Midomo ipate zambarau ya kijivu. Viganja na nyayo, ambazo kwa aliye hai ni nyepesi kuliko mgongo wa mkono, ziwe nyepesi vilevile lakini zenye rangi ya nta. Macho yawe nyeupe iliyochafuka bila mboni. Ukiweka mboni amefufuka.

Nguo zipakwe kama za askari kamili, kisha zichafuliwe. Ukizipaka chafu tangu mwanzo sare haitajulikana, na ile sababu ya kugeuza askari imepotea. Agrax Earthshade, rangi nyepesi ya kahawia, juu ya yote, na Typhus Corrosion, ambayo ina chembechembe ndani yake, kuanzia magotini kwenda chini.

Damu huja ya mwisho, baada ya vanishi isiyong'aa, kwa sababu vanishi hiyo ikipita juu yake mng'ao wote unakufa. Iliyokauka ni kahawia inayokaribia nyeusi na haing'ai. Ndiyo iwe nyingi, kwenye nguo. Mbichi iwe mdomoni na kwenye vidole tu: rangi ya Clear Red ya kampuni ya Tamiya, namba X-27, ikiwa na chembe ya kahawia, kwani peke yake ni nyekundu ya peremende. Ukiivuta ikiwa imeanza kunata hufanya nyuzi kati ya vidole. Michirizi iende chini kila mara, na chini maana yake chini ya kijisanamu kilivyosimama sasa, si ulivyokishika ukipaka. Vanishi ya kopo usiipulize siku ya unyevu mwingi. Hugeuka ukungu mweupe na kazi ya wiki nzima huonekana imepakwa chokaa.

Kwa kundi kubwa, viwiliwili vitano vikipewa vichwa vitano tofauti ni michanganyiko 25, na ukibadilisha mguu unaovunjwa hakuna atakayegundua kurudiwa. Wasielekee wote upande mmoja. Anayepanga kwenda nao kwenye mashindano aulize kwanza, maana baadhi ya waandaaji hawakubali vipande vya kampuni nyingine.

Wapo wasomaji ambao pengine wameshafuata maelezo yale na sasa wana kijisanamu chenye mguu ulioyeyuka. Kisitupwe. Mkate kiunoni kwa msumeno, usilainishe mkato, chimba ndani yake milimita 2, utie nyuzi mbili au tatu za puti za nusu milimita zikiburutika nyuma, na mikono uibandike mbele, mmoja umenyooka na mwingine umekunjwa kiwikoni. Mlaze kwenye kitako cha milimita 25 akiwa ameinua kichwa. Anatambaa. Ule mguu ulioyeyuka nao ufukie nusu kwenye udongo wa kitako cha mwenzake; ukipakwa kahawia, kuyeyuka kwake hakuonekani tofauti na kuoza.

Wenu msomaji,
Nottingham, Uingereza